Nilivyokuwa kangomba wa matangazo ya kazi

Yule mama alifika dukani saa mbili asubuhi, sijamaliza hata kutoa meza nje. Nina steshenari Chikongola, hapa Mtwara mjini: printa moja, kompyuta mbili, na mashine ya kopi inayokwama karatasi kila mvua ikinyesha. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akakaa kwenye benchi la wateja na mkoba wake mapajani. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia bei ya kudurufu: "Mwanangu, ni wewe uliyempatia Salumu kazi ya Uholanzi?"

Salumu si jina lake. Ni kijana wa Tandahimba aliyemaliza chuo akakaa nyumbani miaka miwili. Kazi ya Uholanzi haikuwepo. Kilichokuwepo ni shilingi 185,000 za mama yake, hela aliyoitenga kulipa vibarua wa palizi ya mikorosho, na Salumu aliituma yote kwa simu akiambiwa ni ada ya mafunzo na bima ya laptop. Tangazo alilitoa kwenye grupu langu la WhatsApp. Nililibandika mimi, na ile alama ya tiki ya kijani yenye neno "limehakikiwa" niliiweka mimi.

Ilikuwa Machi 2024. Yule mama hakunitukana. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Nieleze nilivyofika hapo. Steshenari za mikoani zinajua shida za watu kuliko ofisi nyingi. Kwangu vijana huja kujaza maombi kwenye Ajira Portal ya serikali, kuomba mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kuskani vyeti, kupiga chapa CV. Mwaka 2023 wakaanza kuniuliza kazi za mtandaoni, zile za kufanyia nyumbani ukalipwa dola. Nikafungua grupu. Mwanzoni tulikuwa watu 30, wengi wateja wangu, baadaye likajaa nikafungua la pili. Kila usiku nilikuwa nanunua bando, napita kwenye chaneli za Telegram na tovuti za matangazo, nanakili, nabandika. Matangazo kumi na tano kwa siku. Asubuhi nakuta watu wananishukuru, wengine wananiita "bosi wa ajira", na wanaotaka kusaidiwa kuomba wananilipa elfu mbili. Sitajifanya kwamba ile elfu mbili haikunipofusha.

Na lile neno "limehakikiwa"? Nilikuwa nafungua linki. Ikifunguka, ikiwa na nembo nzuri na Kiingereza kilichonyooka, naweka tiki. Basi. Huo ndio ulikuwa uhakiki wangu wote.

Kwa wasiotoka Kusini: kangomba ni yule mnunuzi anayemfuata mkulima wa korosho shambani kabla ya msimu, nje ya utaratibu wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, na bakuli lake analoliita kilo. Mkulima ana njaa, anakubali. Kangomba hajali korosho imekauka au mbichi, kazi yake ni kuipitisha mbele apate chake. Siku ile yule mama alipoondoka nilikaa nikajiona mimi ndiye yeye, bakuli langu likiwa simu.

Baada ya hapo nilifanya kitu nilichotakiwa kukifanya kwanza. Nilirudi kwenye lile tangazo nikalisoma polepole kama ninavyokagua cheti cha kuzaliwa kabla ya kuskani. Anwani ya barua pepe ya "ofisa ajira" ilifanana na ya kampuni halisi, ila mbele ya jina la kampuni waliongeza kistari na neno "careers". Nikaiingiza sehemu ya anwani hiyo iliyo baada ya @ kwenye lookup.icann.org, ukurasa wa bure unaoonyesha anwani ya tovuti ilisajiliwa lini. Ilikuwa imesajiliwa siku kumi na tisa kabla ya mimi kulibandika tangazo. Kampuni yenyewe ina zaidi ya miaka kumi. Usaili wa Salumu ulifanyika Telegram, kwa kuandikiana tu, hakuona sura ya mtu wala kusikia sauti. Na hela ilikwenda kwenye namba ya simu ya hapahapa Tanzania, yenye jina la mtu wa hapahapa. Jina lilimtokea kwenye simu kabla hajaweka namba ya siri. Salumu aliliona. Alipouliza, akajibiwa kwamba ni "wakala wetu wa Afrika Mashariki". Sote tumechekeana kwa miaka na ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", tukidhani wanaoliwa ni wazee. Hii ilikuwa meseji ileile, imevaa suti.

Tulikwenda polisi tukapewa RB, namba ya taarifa yetu. Namba ya yule tapeli tukaituma kwenda 15040, ambayo ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti meseji za utapeli. Mtandao wa simu ukatuambia hela ilishatolewa siku ileile. Nilimwahidi mama yule nitamrudishia nusu, kwa awamu. Mume wangu alisema nimejibebesha mzigo usio wangu. Hatukuelewana kwa siku kadhaa.

Nikaandikia na kampuni halisi, kupitia fomu iliyo kwenye tovuti yao. Siku ya nne wakajibu kwa sentensi tatu: nafasi hiyo ilikuwepo kweli, ilifungwa mwezi uliotangulia, na wao hawafanyi usaili Telegram. Sentensi ya kwanza ndiyo iliyoniamsha. Tangazo halikutungwa. Lilikuwa tangazo la kweli lililokwisha kufa, mtu akaliokota, akalivalisha anwani yake, akalirusha. Mimi nikaliokota kwake. Nikaanza kujiuliza swali ambalo kwa mwaka mzima sikuwahi kujiuliza: haya matangazo ninayonakili kila usiku, yanatoka wapi hasa?

Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa, na nikilieleza sasa linaonekana jepesi. Kampuni ikitaka mtu, mara nyingi inaandika nafasi kwenye mfumo wa kupokelea maombi. Mifumo hiyo ni kama Greenhouse, Lever, Workable au Ashby, na ndiyo maana ukibonyeza "omba" kwenye tovuti ya kampuni unajikuta kwenye anwani kama jobs.lever.co. Hapo ndipo chimbuko. Kampuni ikifunga nafasi, ukurasa ule unatoweka au unaandika kwamba nafasi haipo tena. Kutoka hapo tangazo linatembea. Kampuni nyingine zinalipia liwekwe kwenye tovuti za kazi za mbali kama We Work Remotely. Nyingine hazilipi kitu, lakini programu za kukusanya matangazo zinapita kwenye mifumo ile usiku na mchana na kuchota kila kilicho wazi. Tovuti ya pili inachota kwa ya kwanza, ya tatu kwa ya pili. Halafu mtu wa Telegram anafupisha, na mtu kama mimi ananakili kwa yule wa Telegram.

Kila linapopita, kitu kinadondoka njiani. Kinachodondoka kwanza ni tarehe: tovuti inayochota huandika siku iliyochota, kwa hiyo tangazo la Januari linaonekana la jana. Kinachofuata ni masharti ya mahali. Mwishoni linki yenyewe inadondoka, na linalobaki ni picha yenye nembo na mshahara. Tangazo lililofika hapo halina mwenyewe, na yeyote anaweza kuandika anwani yake chini.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza, na ninaishikilia hata nikichelewa kubandika: sibandiki kitu nisichokikuta wazi kwa mwenyewe. Naingia tovuti ya kampuni kwa kuandika anwani mwenyewe, si kwa kubonyeza linki niliyotumiwa, natafuta ukurasa wao wa ajira, naangalia kama nafasi ipo leo. Isipokuwepo, nimemaliza. Nilipoanza hivyo, wiki ya kwanza nilisoma matangazo 63 na daftari langu linaonyesha yalibaki manne. Wanachama wakalalamika grupu limekufa. Wengine wakahama, nikawaacha wahame.

Sasa hili la mahali, maana ndilo linalowala muda vijana wengi kuliko hata matapeli. Neno "Remote" kwenye tangazo halina maana ya dunia nzima. Mara nyingi maana yake ni "fanyia nyumbani kwako, ila nyumbani kwako kuwe Marekani". Sababu ni za kodi na sheria za kazi: kampuni haiwezi kumweka mtu kwenye orodha ya mishahara katika nchi ambako haijasajiliwa, mpaka imwajiri kama mkandarasi wa kujitegemea au ipitie kampuni za kati kama Deel zinazoajiri kwa niaba. Salumu peke yake alikuwa ameshaomba nafasi zaidi ya arobaini za "Remote" bila kujibiwa, akaamini ana mkosi. Tulikaa naye tukazipitia moja moja. Nyingi zilikuwa zimeandika chini kabisa kwamba mwombaji awe na kibali cha kufanya kazi Marekani. Hakuna aliyemkataa kwa ubaya. Fomu ilimuuliza anaishi wapi, mashine ikamweka kando.

Kuna njia ya kuchungulia hili mapema ambayo ninajivunia kidogo, maana niligundua nikihangaika usiku. Google ina utaratibu wake wa kuonyesha matangazo ya kazi, na tovuti inayotaka matangazo yake yatokee humo inatakiwa kuyaandika kwa lebo maalumu zilizofichwa ndani ya ukurasa. Kwenye Chrome, hata ya simu ya Android, andika view-source: mbele ya anwani ya ukurasa, halafu tafuta neno TELECOMMUTE. Hiyo ndiyo lebo ya kazi ya mbali. Karibu na hapo mara nyingi kuna applicantLocationRequirements, na mbele yake nchi wanazopokea. Ukiona Marekani peke yake, funga, okoa bando lako. Kuna datePosted, tarehe ya kutangazwa, na validThrough, tarehe ya mwisho. Si kila tovuti inajaza lebo hizi, na nyingine zinajaza ovyo, kwa hiyo nazitumia kukataa zaidi kuliko kukubali. Ukiona EMEA, hiyo ni Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika. Hapo tumo, walau kwenye karatasi.

Halafu hesabu ya saa, ambayo watu wanaidharau mpaka imewakuta. Kazi ya saa tatu asubuhi mpaka kumi na moja jioni ya New York, wakati wao wa baridi, kwetu inaanza saa kumi na moja jioni na kuisha saa saba usiku. Ya California inaanza saa mbili usiku na kukupeleka saa kumi alfajiri. Nimeona dada mmoja wa Shangani akiipata kazi ya aina hiyo, ya kweli kabisa, akaiacha mwezi wa pili kwa sababu ana mtoto mchanga na nyumba ya chumba kimoja. Siku hizi kwenye kila tangazo naandika saa za Mtwara.

Mei 2024 ilinifundisha upande mwingine. Mwanzoni mwa mwezi kilikuja kimbunga Hidaya, mvua zikaikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, kule Somanga. Laptop niliyokuwa nimemwagizia mteja kutoka Kariakoo, ya mtumba, ikalala kwenye basi siku nisizotaka kuzikumbuka. Haijakaa sawa, Jumapili ya tarehe 12 nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zikakatika, na nchi nzima ikaanza kutambaa. Kijana wangu mmoja alikuwa na mtihani wa majaribio wa kampuni ya Uingereza Jumatatu. Ukurasa haukufunguka. Alikata tamaa akazima simu. Nilimlazimisha atume ujumbe mfupi, hata kwa intaneti ya kuvizia, kueleza kilichotokea. Waliisoma habari ya kukatika kwa nyaya wenyewe, wakamsogezea siku. Tangu hapo nawaambia watu: eleza mapema. Mwajiri wa kweli ana subira kidogo; tapeli ndiye anayekupa dakika thelathini.

Nisijipambe lakini, maana baada ya Salumu niligeuka mwoga kupita kiasi. Nikawa nakataa kila tangazo lenye barua pepe ya Gmail. Likaja moja la shirika dogo la Nairobi, linatafuta watu wa kunakili mazungumzo ya Kiswahili kutoka sauti kwenda maandishi. Anwani ya Gmail, tovuti imechakaa, hakuna nembo ya maana. Nikalitupa. Miezi miwili baadaye msichana wa Mikindani akaja kwangu kuprinti mkataba wake. Shirika ni lilelile. Alilipata kwa binamu yake, akaomba, wakamsaili kwa video, wakamlipa mwezi wa kwanza kwa wakati. Nilimpongeza huku moyoni naumia. Kichujio chenye matundu madogo sana kinabakisha na kilicho chako. Sasa Gmail peke yake hainifanyi nitupe tangazo, inanifanya nipige simu. Naomba usaili wa video, naomba jina la mtu ninayeweza kumwona mahali pengine nje ya tangazo lenyewe, nachukua sentensi moja ya tangazo naiweka kwenye alama za kunukuu nasachi. Sentensi ileile ikitokea chini ya kampuni tatu tofauti, naacha.

Kuhusu hela nina msimamo mkali na sijutii. Kazi haidai ada. Mafunzo, bima ya kompyuta, "kufungua akaunti ya malipo", "kulipia kodi ya mshahara wako wa kwanza", vyote ni mlango uleule. Watu huniuliza: mbona tovuti ya kazi ya FlexJobs inatoza? Inatoza kusoma orodha ambayo wafanyakazi wake wameichambua, na unajua unanunua orodha. Upwork, soko la vibarua vya mtandaoni, nayo inauza zile "connects" za kuombea kazi. Unaweza kuona ni ghali, na mimi naona ni ghali kwa mtu asiye na kipato, lakini hakuna anayekuahidi kwamba ukilipa umeajiriwa. Hatari mpya ni zile za kubonyeza "like" na kuzipa hoteli alama mtandaoni: wanakulipa kwanza wao, elfu tano, elfu kumi, unaona zimeingia kweli. Kisha "kazi ya daraja la juu" inataka uweke salio lako. Fundi mmoja wa simu hapa jirani aliingia kwa elfu kumi aliyopewa akatoka na deni la kikoba.

Uliza pia utalipwaje, kabla ya kusaini. Nilikuwa na PayPal nikidhani nimejipanga, kumbe akaunti yangu ya Tanzania ilikuwa ya kutuma tu, kupokea haiwezi. Nilihamia Payoneer, na hata hapo jina kwenye akaunti lilitakiwa kufanana herufi kwa herufi na la kitambulisho cha NIDA na la benki. Langu la benki lilikuwa na jina la ukoo limekosewa. Wiki mbili za foleni kwa sababu ya herufi "h".

Kuna jamaa walinishauri tuwafundishe vijana kutumia VPN waonekane wako Marekani. Nilikataa. Kazi unayoipata kwa kudanganya mahali ulipo inakatwa siku wakitaka nyaraka za kodi, na mara nyingi jasho la wiki za mwisho halilipwi, na huna pa kulalamika.

Mama yake Salumu nilimmalizia awamu ya mwisho msimu wa korosho wa mwaka uleule. Salumu mwenyewe hakupata kazi ya mtandaoni. Yuko na mjomba wake, anaandika vitabu vya mauzo kwenye duka la pembejeo, na jioni hunisaidia kuchambua matangazo. Ana jicho kali kuliko langu. Juzi alinirudishia moja nililokuwa nimeshalipitisha, akanionyesha tarehe ya mwisho: saa sita usiku ya London, Ijumaa. Mimi nilikuwa nimeandika Ijumaa tu. Kwa majira yao ya joto, kwetu hiyo ni saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi. Kwa hiyo mtu wa hapa alikuwa na saa mbili zaidi, na nilikaribia kumnyang'anya.

Leo asubuhi, kabla sijakaa kuandika haya, mwanachama mpya amenitumia skrinishoti ya tangazo lenye nembo ya kupendeza na swali moja: "Dada, hii ni ya kweli?" Nimemjibu ninavyowajibu wote. Nitumie linki, picha sisomi.